Farasi-mwitu wa Mongolia: Hesabu ya Vichwa na Hesabu ya Urithi

Yuko farasi mfupi, mwenye rangi ya mchanga na manyoya ya shingoni yaliyosimama wima, ambaye Wamongolia humwita takhi. Wataalamu wa elimuviumbe wamempa jina la Przhevalsky, mpelelezi wa Kirusi wa karne ya 19. Porini alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1969, akabaki katika bustani za wanyama tu. Mwaka 1992 alianza kurudishwa Mongolia, katika sehemu za Hustai na Takhin Tal, na leo makundi yake yanazaana huko. Je, kazi imekwisha?

Haijaisha. Takhi wote walio hai ni uzao wa farasi-mwitu 12 hivi waliokamatwa zamani, pamoja na damu kidogo ya farasi wa kufugwa. Kila mzazi humpa mwanawe nusu tu ya jeni zake, yaani chembe zichukuazo urithi. Katika kundi dogo, jeni fulani zaweza kukosa kurithiwa kwa bahati tu, na zikipotea hazirudi hata kundi likiongezeka mara mia. Isitoshe, ndugu huzaana wao kwa wao, na jeni mbovu iliyojificha kwa baba hukutana na mwenzake kwa mama.

Hapa wanafunzi washike kalamu. Dume mmoja wa takhi hutawala majike kadhaa, na madume wengine hukaa kando bila kuzaa. Ili kukadiria ukubwa wa kundi kiurithi, tunazidisha 4 kwa idadi ya madume wanaozaa, kisha kwa idadi ya majike wanaozaa, halafu tunagawanya kwa jumla yao. Tuseme madume ni 2 na majike 18:

4 × 2 × 18 ÷ 20 = 7.2

Macho yanaona farasi 20. Kiurithi ni kama 7 tu!

Katika majira ya baridi ya 2009/10, theluji kali iliua zaidi ya nusu ya takhi wa jangwa la Gobi. Bustani ya wanyama ya Prague, inayotunza daftari la nasaba la kimataifa la farasi hao, ilianza mwaka 2011 kuwapeleka wengine Mongolia kwa ndege za kijeshi. Mwaka 2012 Takhin Tal ilipokea majike. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwani dume mgeni hana budi kupigana ili apate majike, na akishindwa, safari yote hiyo haileti mwana hata mmoja. Mwaka 2024 farasi 7 walipelekwa Kazakhstan kuanzisha kundi jingine.

Daftari ndilo linaloamua nani asafiri: anatafutwa mnyama ambaye jeni zake ni haba kule aendako. Lakini kuhamisha hakuumbi jeni mpya. Hukusanya tu zilizosalia. Ndiyo maana mwaka 2020, huko Marekani, alizaliwa takhi aliyefanywa kuwa nakala ya dume ambaye seli zake zilikuwa zimegandishwa tangu 1980, kwa kuwa urithi wa dume huyo ulikuwa adimu.

Zoezi: Rudieni hesabu ya hapo juu kwa madume 5 na majike 15. Jumla ni ileile. Kwa nini jibu ni 15?