Haya Isizuie Elimu

Amma baad. Ndugu Muislamu, jua ya kuwa kukataza pasina kufunza hakutoshi kumlinda kijana. Kwa sheria ya mwaka 1996, Marekani ilitenga dola milioni 50 kila mwaka ili vijana wafunzwe kujizuia tu mpaka ndoa. Uchunguzi wa mwaka 2007, katika mahali pane, ulionyesha ya kuwa waliofunzwa hivyo hawakujizuia zaidi kuliko wenzao. Zina ni haramu, wala hapana shaka. Lakini fiqhi yetu hutaja wazi baleghe, janaba na hedhi. Basi ewe baba, mwanao akibaleghe, mkataze, kisha mweleze maumbile ya mwili wake na maradhi ya zina. Ukinyamaza, atafunzwa njiani na wasio haya. Wallahu aalam.