Mbegu ya Pamba Yenye Upara

Mkulima wa pamba wa Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, amezoea mbegu yenye vazi la manyoya mafupi yaliyoishika kama ukungu. Pengine, katika mbegu aliyojiwekea mwenyewe, mkono wake hukutana na punje nyeusi, laini, isiyo na unywele hata mmoja. (Mbegu iliyosafishwa kwa asidi kiwandani nayo huwa na upara, lakini hiyo ni kazi ya watu.) Punje hiyo si gonjwa, wala haikuliwa na wadudu. Mmea uliouzaa umegeuka katika urithi wake, na yafaa mpandaji ajue maana yake kabla ya kuifukia.

Kila unyuzi wa pamba ni chembe hai moja tu, yaani seli, iliyorefuka kutoka katika ngozi ya mbegu. Si seli zote za ngozi hufanya kazi hiyo. Ni kama robo tu, na hata hivyo punje moja hubeba nyuzi zaidi ya 10,000. Kazi huanza wakati ua linapofunguka. Siku hiyo ua huwa jeupe, na kesho yake hugeuka jekundu, hivyo mwenye shamba aweza kuhesabu siku pasipo kuuliza mtu. Kwa muda wa majuma matatu hivi unyuzi hurefuka mpaka hufika karibu sentimeta 3, lakini ukuta wake bado ni mwembamba kama utando. Yapata siku ya 16 kazi ya pili huanza: selulosi hupangwa ndani ya ukuta, tabaka juu ya tabaka, mpaka tumba likomae na kupasuka, kiasi cha siku 50 baada ya ua. Ndipo unyuzi hukauka na kujisokota.

Kwa sababu hiyo ukame wa majuma yale ya kwanza hufupisha nyuzi, na mvua ijayo baadaye haiwezi kuzirefusha tena. Na tumba lililofunguliwa kwa nguvu kabla ya wakati wake hutoa nyuzi ndefu zilizo dhaifu, ambazo hujifunga mafundo kiwandani na kukataa rangi.

Kwamba urefu na unene ni kazi mbili mbalimbali, wataalamu wamelithibitisha sana kwa kuchunguza mimea iliyokosea. Katika mwaka 1929 huko Marekani paliandikwa habari za pamba ya Texas iliyokuwa na shina lililopinda, majani yaliyojikunja, na nyuzi za milimita 6 tu. Hata mwaka 2017 ndipo kosa lake lilipopatikana: ni badiliko dogo katika jeni moja, ile inayotengeneza aktini, ambayo ni kama boriti na kamba zinazoishika seli kutoka ndani. Mwaka 1990 iliandikwa habari ya mmea mwingine, wenye nyuzi fupi vilevile, lakini huo ni wa kijani, mrefu, wenye maua mazuri. Mkulima aweza kuupalilia msimu mzima asishuku neno, mpaka matumba yapasuke. Upo na wa tatu, ambao nyuzi zake hurefuka kama za wenzake lakini haziongezeki unene.

Sasa turudi kwenye punje yenye upara. Ngozi ya mbegu ni mali ya mama. Nyuki akileta chavua kutoka mmea mwingine, baba huyo hataonekana katika mbegu za mwaka huo. Ataonekana katika mbegu za mmea utakaoota. Na upara una aina mbili kubwa. Aina moja hutosheka kurithiwa kwa mzazi mmoja, kwa hiyo hujionyesha upesi, na mmea wake waweza kung'olewa. Aina ya pili hutaka wazazi wote wawili. Hiyo ikichanganyika na pamba ya kawaida, watoto wote huzaa mbegu zenye manyoya, na mkulima hudhani mambo yamekwisha. Kisha, watoto hao wakijichavusha wenyewe, mmea 1 katika kila 4 ya wajukuu huzaa upara tena.

Hasara yake ni ipi? Mkulima huuza pamba pamoja na mbegu zake kwa kilo, lakini mwenye kiwanda, kama kile cha Malakisi, hutafuta nyuzi. Pamba njema ya kilo 100 hutoa nyuzi kilo 33 au zaidi. Ile yenye upara wa aina ya kwanza hupungukiwa, na mnunuzi aliyekwisha kuumia mara moja hupunguza bei kwa wote, hata kwa yule aliyechagua mbegu yake vizuri.

Zamani hatari hii ilikuwa ndogo zaidi. Magharibi ya Kenya ilipandwa kwa miaka mingi aina iitwayo BPA 75, iliyozalishwa Uganda, na Bodi ya Pamba ndiyo iliyosimamia mbegu. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1991 wengi walibaki kujitafutia, na mpaka ni njia ya watu: gunia la mbegu huvuka bila kusema lilitoka shamba gani.

Desemba 2019 serikali ya Kenya ilikubali pamba iliyotiwa jeni ya kuzuia viwavi vya matumba, na mbegu hiyo ni chotara. Katika msimu wake wa kwanza hutoa nyuzi zinazolingana. Lakini akijiwekea mbegu ya kupanda mwaka wa pili, mkulima atakutana na hesabu ile ile ya wajukuu: mimea mirefu na mifupi, nyuzi zisizolingana, na mingine isiyo na kinga yoyote dhidi ya viwavi.