Mtoto Naye Aulizwe: Utafiti wa Lugha Shuleni

Watafiti wa lugha wanapofika shuleni, aghalabu huja na maswali tayari. Mtoto husoma kifungu, alama huandikwa, kisha mgeni huondoka. Vipimo hivyo vina manufaa yake. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2009, zimeonyesha kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hushindwa kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Lakini alama haisemi mtoto amekwama wapi, wala ni lugha gani anayotumia kujielezea neno gumu akiwa peke yake.

Jibu hilo analo mtoto mwenyewe. Sera ya elimu inataka wanafunzi wa gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, huku wakijifunza Kiswahili na Kiingereza. Uwanjani wengine huongeza Sheng. Mwalimu husikia lugha ya darasani, mzazi ya nyumbani. Mtoto ndiye anayehama nazo zote.

Ndiyo maana baadhi ya watafiti sasa huwafanya watoto kuwa washiriki kamili. Nchini India, Annamaria Pinter, Rama Mathew na Richard Smith waliongoza mradi uliowashirikisha wanafunzi wa shule za msingi na walimu wao kama watafiti wenza katika masomo ya Kiingereza. Ripoti yake ilichapishwa na British Council mwaka 2016. Katika kazi ya namna hii, watoto hutunga maswali yao, huhojiana na kueleza walichogundua.

Si rahisi. Mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu atajibu anachodhani mkubwa anataka kusikia. Afadhali aketi na rafiki yake chini ya mti, achore au asimulie, kwa lugha anayoipenda. Maswali yakiulizwa kwa Kiingereza pekee, mtafiti atapima woga na kuuita ujinga.

Idhini ya mzazi ni lazima, ila haitoshi. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni ya mtoto yasikilizwe kwa kuzingatia umri na ukomavu wake. Mtoto wa chekechea huenda asiseme "sitaki". Hunyamaza, hutazama dirishani, au huomba kwenda msalani kwa mara ya tatu. Hapo mtafiti anapaswa kufunga daftari, hata kama fomu ina sahihi ya mzazi.

Wazazi na walezi wanaoletewa fomu wana haki ya kuona leseni ya utafiti inayotolewa na NACOSTI. Waulize pia sauti na picha za mtoto zitahifadhiwa wapi na nani atazisikiliza, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu taarifa za mtoto kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi. Kabla ya kutia sahihi, mtoto aelezwe nyumbani, kwa lugha anayoielewa, atakachofanyiwa, na aambiwe wazi kwamba akikataa hataadhibiwa.

Jambo moja husahaulika mno: matokeo. Mzazi aulize yatarudi shuleni lini, na ni nani atakayewaeleza watoto walioyatoa.