Dondoo Muhimu: Kuitunza Roboti ya Kukata Nyasi

Tangu mwaka 1995, kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilipotoa roboti ya kukata nyasi iendeshwayo kwa nguvu ya jua, bustani nyingi za Ulaya zimekabidhiwa mtumishi huyu. Naye, ili adumu, ahitaji uangalizi wa dhati.

• Salama. Kabla ya kuipindua, izime kwa swichi yake kuu, na uvae glavu.

• Visu. Ncha za majani zikionekana zimechanika na kugeuka kahawia, fahamu kwamba visu vimekuwa butu. Vibadilishe vyote pamoja na skrubu zake, ili sahani izungukayo isipoteze mizani.

• Usafi. Nyasi zilizogandamana chini yake ziondoe kwa brashi. Maji yenye nguvu usiyatumie ila kwa idhini ya kitabu cha maelezo, kwani yaweza kupenya na kuharibu mota.

• Umeme. Vyuma vinavyogusana wakati wa kuchaji vifute mara kwa mara, na waya wa mpaka, kama upo, uulinde na jembe.

• Njia. Okota mawe, matawi na matunda yaliyoanguka, na mashimo yafukie.

• Wakati. Iendeshe mchana, kwa maana kalunguyeye hutoka usiku kutafuta riziki, na akikabiliwa na hatari mara nyingi hujikunja badala ya kukimbia.

• Baridi. Kabla ya theluji, isafishe, ijaze chaji, kisha uihifadhi ndani, mahali pakavu pasipoganda, hadi nyasi zitakapoanza tena kuota.