Tanuri Dogo na Ulimi wa Mnunuzi

Wanafunzi wengi wakimaliza masomo hutafuta kazi ya kalamu, na wakiikosa hudhani elimu yao imepotea bure. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani, na kazi yangu ni kuoka mikate na maandazi Rumonge, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Hesabu niliyofundishwa darasani naitumia kila siku kabla ya jua kuchomoza. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaandikie ninyi mlioko shuleni, na wenzangu tuliokwisha toka, somo fupi juu ya jinsi tanuri dogo linavyoweza kukua. Somo lote lina neno moja: mwokaji na amfuate mnunuzi katika ladha, umbo na saa, lakini asiguse uzito wala ukweli.

1. Mahali na watu wake

Rumonge iko kusini ya Bujumbura, mwendo wa kilomita 70 na zaidi, katika barabara kuu ifuatayo ziwa mpaka Nyanza-Lac. Nchi hiyo tambarare, iitwayo Imbo, ina joto. Michikichi husitawi sana, na mawese ya Rumonge yanajulikana Burundi nzima. Lakini ngano haipendi joto hilo. Unga wote wa ngano tunaooka hutoka mbali, nao hununuliwa kwa fedha taslimu. Muuza mihogo akikosa mnunuzi leo, mihogo yake ingaliko shambani. Mwokaji akikosa mnunuzi, jioni ana mkate mkavu, na fedha za unga hazirudi.

Basi, kabla ya kuwasha moto, hapana budi ajue ni nani atakula. Katika mji wetu wako wavuvi na wachuuzi wa samaki, watakao kitu cha kushibisha wakisha toka ziwani. Wako abiria wa barabarani, watakao kitu kisichomwagika wala kuchafua nguo. Wako watoto wa shule wenye sarafu chache. Wako makarani na walimu, waliozoea mkate mrefu mwembamba, desturi iliyokuja na Wabelgiji.

Tena wako waliorudi. Baada ya mauaji na machafuko ya mwaka 1972, watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania. Wengi walirudi baadaye, hasa kati ya mwaka 2002 na 2009, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa huko. Walikuja na ulimi wa Kigoma na Tabora: chapati, na andazi lenye iliki. Samaki yule yule ambaye sisi humwita mukeke, wao humwita mgebuka. Na dagaa wao ni ndagala zetu. Ziwa ni moja, majina mawili; na kadhalika chai ni moja, vitafunio viwili. Mwokaji mwenye akili huwapikia wote wawili.

Watu nao hubadilika hata kwa amri ya serikali. Mwaka 2015 Rumonge ilifanywa mkoa, ikapata ofisi zake. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi iliunganishwa ikawa mitano, na Rumonge ikaingia katika mkoa wa Burunga. Wengine husikia habari kama hizi wakazungumza siasa tu. Mwokaji na ajiulize pia: wanywa chai wa asubuhi wataongezeka au watapungua?

2. Saa na majira

Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa. Mwanga huwavuta ndagala juu karibu na maji ya usoni, nao huzungukwa na nyavu. Kwa sababu hiyo usiku wa giza ndio wenye samaki. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Kumbe fedha za ufukoni hufuata mwezi! Siku za giza naoka mapema na kwa wingi, na mikate mikubwa hutoka. Siku za mbalamwezi napunguza mikate mikubwa, naongeza maandazi ambayo mtu aweza kununua moja moja. Kalenda yenye alama za mwezi inanifaa kuliko tangazo lo lote la biashara.

Rumonge ina Waislamu wengi. Mwezi wa Ramadhani mikate ya asubuhi hupungua sana, na kazi huhamia alasiri. Hapo hutakiwa vitu vitamu vya futari: vitumbua, na mkate wa sinia wa unga wa mchele. Mchele haukosekani, maana Imbo ni nchi ya mpunga pia. Likizo ya shule nayo huondoa watoto. Mtu aokaye idadi moja mwaka mzima huwalisha kuku wake mikate mizuri.

3. Kujua ladha kwa kuhesabu

Vijana wengi wakitaka kujua ladha ya watu huuliza, "Je, mkate wangu ni mzuri?" Swali hilo halifai. Watu wetu wana adabu. Watajibu kuwa ni mzuri, kisha kesho watapita upande mwingine. Ukweli umo katika kapu la jioni. Mimi nina daftari lenye safu nne: siku, aina, vilivyookwa, vilivyobaki. Safu ya nne ndiyo mwalimu wangu.

Tutazame mfano, kwa hesabu ya kufundishia tu. Tuseme mkate mmoja unagharimu faranga 400 nami nauuza faranga 500. Nikioka mikate 200, gharama ni faranga 80,000. Nikiuza 170, napata faranga 85,000. Faida ni 5,000. Lakini kama ningalioka 170 tu, gharama ingalikuwa faranga 68,000, na faida 17,000. Mikate 30 iliyobaki imekula faranga 12,000, tena bila ya mtu kuiba hata senti.

Ukitaka kujaribu ladha mpya, badili jambo moja tu kwa mara moja, na kwa sinia moja tu. Tuseme wataka kujua kama watu wanapenda iliki. Usiongeze iliki na sukari pamoja, maana yakiuzwa hutajua ni lipi lililowavuta. Weka sinia la iliki karibu na sinia la kawaida, kwa bei moja, muda wa juma zima. Kisha soma daftari. Siku moja haitoshi, kwa kuwa mvua, soko au msiba huweza kukudanganya.

Mawese yanafundisha neno jingine. Andazi lililokaangwa kwa mawese mekundu lina rangi na harufu yake. Wazee wa mwambao hulipenda, kwa sababu ndiyo ladha ya nyumbani. Abiria mwenye shati jeupe hulikwepa. Hakuna aliyekosea. Basi kaanga ya kwanza kwa mawese na ya pili kwa mafuta meupe, kila moja kwa mahali pake. Biashara haigombi.

4. Uzito

Hapa ndipo penye jaribu. Unga ukipanda bei, mwokaji ana njia mbili: kupandisha bei wazi, au kupunguza donge kwa siri. Wengi huchagua siri. Hebu tuihesabu. Kilo 6 za unga uliokwisha kandwa hutoa madonge 100 ya gramu 60. Nikiiba gramu 6 kwa kila donge, napata madonge 111. Naona nimepata maandazi 11 ya bure. Lakini watu 12 wakigundua, na kila mmoja alikuwa akinunua moja kwa siku, nitauza 88 kwa wale wa zamani, na hayo 23 yanayobaki nitawatafutia watu wapya nisio nao. Mkono wa mama anayenunua kila asubuhi ni mizani, hauhitaji kusoma.

Jambo hili ni la kale. Huko Uingereza, katika karne ya 13, ilitungwa sheria ya mikate. Bei ya mkate ilikaa pale pale, na uzito wake uliwekwa kufuata bei ya ngano, wazi, kila mtu ajue. Mwokaji aliyepunja aliadhibiwa. Inasemwa kwamba kwa kuogopa adhabu hiyo waokaji walianza kutoa mikate 13 kwa aliyenunua 12. Kwa hiyo kupunguza mkate si dhambi. Dhambi ni kuficha. Ukitaka kuoka mdogo, oka mdogo wenye umbo lake, jina lake na bei yake, na yule mkubwa abaki alivyokuwa. Jihadhari hasa ukianza kupendwa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

5. Unga wa nyumbani

Wengi huuliza kama twaweza kuchanganya unga wa muhogo ili kupunguza gharama. Twaweza, kwa kiasi. Unga wa ngano ukikandwa na maji hutengeneza kitu kinachovutika kama mpira, kiitwacho gluteni. Hamira hula sukari na kutoa hewa, na gluteni huishika hewa hiyo, mkate ukaumuka. Muhogo hauna gluteni. Sehemu moja ya muhogo kwa tisa za ngano haiharibu sana. Ukizidisha mno, mkate hukaa mzito na kuvunjika. Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza mpango wa kuchunguza unga wa mchanganyiko tangu mwaka 1964. Ukichanganya, waambie wanunuzi. Wako watakaoupenda.

6. Kukua

Jirani zetu wa Rwanda wana mfano mzuri. Mwaka 1983 Sina Gérard alianza kuoka mikate na maandazi huko Nyirangarama, kando ya barabara itokayo Kigali kwenda Ruhengeri, inayoitwa sasa Musanze. Wanunuzi wake walikuwa wasafiri. Baadaye, kidogo kidogo, iliongezwa maji ya matunda yaliyolimwa na wakulima wa karibu, na mafuta ya pilipili yaitwayo Akabanga, na hata biskuti za viazi vitamu. Kazi yake, iitwayo Urwibutso, imekuwa kiwanda kikubwa. Angalieni mpango wake: alianza na mtu aliyesimama mbele yake mwenye njaa, kisha akaongeza kitu baada ya kitu. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, tanuri la pili lijengwe wakati kapu la jioni limekuwa tupu kwa miezi, wala si wakati moyo umejaa fahari.

Maswali ya kujipima

(a) Mwokaji ameoka maandazi 150 kwa gharama ya faranga 160 kila moja, akauza 120 kwa faranga 200. Je, amepata faida au hasara, na kiasi gani?
(b) Katika mji wenu, ni jambo gani linalopandisha na kushusha fedha za watu kama mwezi unavyofanya Rumonge?
(c) Unga umepanda bei. Andika tangazo la maneno yasiyozidi 20 utakalobandika mlangoni, lenye kusema kweli bila ya kumfukuza mnunuzi.