Wazazi na Michezo ya Watoto
Somo: Wakolosai 3:21

Mwezi wa Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa Pemba, katika uwanja wa Gombani, Chake Chake. Zanzibar ikaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1. Si ajabu mtoto akitamani kucheza vivyo hivyo. Wala si ajabu mzazi akitamani kuliko mtoto. Hapo ndipo penye hatari ambayo Mtume Paulo awaonya akina baba. Mtoto aliyeshindwa ajua ameshindwa. Akikemewa njia nzima, ataona kwamba apendwa kwa ajili ya mabao tu.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tumpe chakula na usingizi wa kutosha, na akiumia asirudi uwanjani kabla hajapona. Pili, mafunzo tumwachie mwalimu wake, wala tusimtukane mwamuzi. Majirani zetu Waislamu, ambao watoto wao hucheza pamoja na wetu, wasikia maneno yetu. Tatu, ashinde au ashindwe, tumpokee kwa uso ule ule. Maana Mungu alitupenda tungali wenye dhambi.

Swali: Mtoto wako akirudi ameshindwa, neno lako la kwanza huwa lipi?