Kioo cha Laptopu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wanunuzi wengi huulizia prosesa, RAM na ukubwa wa diski, kisha kioo wakakipokea kama kilivyo. Hilo ni kosa kubwa. RAM unaweza kuiongeza baadaye katika mashine nyingi, na diski vilevile. Kioo ndicho utakachokitazama kila saa ya kazi, na kikiwa kibovu, macho ndiyo yanayolipa. Yafuatayo yazingatie kabla hujatoa hela.

Usikubali neno "LED" kuwa jibu. LED ni taa iliyo nyuma ya kioo, na karibu laptopu zote za kioo cha LCD zilizotengenezwa miaka ya karibuni zinayo. Neno hilo halikuambii chochote kuhusu aina ya paneli. Uliza waziwazi: ni TN, IPS au OLED? Kuna na VA, lakini kwenye laptopu ni nadra, isikucheleweshe.

Pima mwenyewe, mashine ikiwa imewashwa. Fungua picha ya uso wa mtu, pandisha mwangaza hadi mwisho, kisha laza mfuniko nyuma taratibu huku ukiwa umekaa palepale. Kwenye TN uso utaanza kuwa mweusi, halafu rangi zitageuka kama hasi za filamu. Uvute mfuniko kuelekea kwako, na picha itapauka. IPS haifanyi hivyo: hata ukiitazama kutoka ubavuni, uso unabaki uleule. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na halihitaji utaalamu wowote. Ukimaliza, weka ukurasa mweupe mtupu utafute vidoa, alama za kugandamizwa na pikseli zilizokufa.

Usinunue kwa jina la modeli peke yake. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, hasa kwenye mashine zilizotumika maofisini ng'ambo zikaletwa kuuzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. ThinkPad T480 ni mfano mzuri. Iliuzwa na kioo cha TN cha pikseli 1366 kwa 768, na cha IPS cha 1920 kwa 1080, na kingine cha IPS cha 2560 kwa 1440. Jina moja, umbo moja, kibodi ileile. Zikiwa zimezimwa huwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama. HP nao huandika kwenye karatasi za sifa SVA au UWVA. SVA kwa kawaida ni TN, na UWVA ni paneli ya jamii ya IPS. Soma herufi hizo.

Tafuta namba ya paneli yenyewe. Programu ya HWiNFO mara nyingi huionyesha bila kufungua mashine. Kwenye paneli za AU Optronics, B140HAN ni ya jamii ya IPS na B140HTN ni TN. Herufi moja tu, A au T, inatenganisha kioo kizuri na cha kujutia.

Usichukue 1366 kwa 768 kwenye mashine ya kazi. Maandishi hukosa ukali, na lahajedwali huonyesha safu chache. Anzia 1920 kwa 1080.

Linganisha rangi na riziki yako. Anayeandika ripoti atatosheka na IPS ya kawaida. Mpiga picha za harusi hatosheki. NTSC na sRGB ni vipimo vya wingi wa rangi: kioo kilichoandikwa 45% NTSC kinaonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kwa hiyo nyekundu ya gauni inaonekana imefifia. Mhariri ataiongeza, ataiongeza tena, na picha ikichapishwa gauni linawaka kupita kiasi na ngozi ya bibi harusi imegeuka ya machungwa. Anayeishi kwa picha atafute 100% sRGB. 72% NTSC inakaribia hapo.

Usikimbilie OLED kwa sababu weusi wake umekupendeza dukani. Ni kweli, kila pikseli hujiwakia na kujizimia yenyewe, na kwa filamu hakuna kinachoishinda. Lakini ukurasa mweupe wa maandishi kutwa nzima hula betri, na upau wa chini usiosogea unaweza kuacha alama ya kudumu. Nyingi pia hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima mara mamia kwa sekunde, jambo linalowaumiza kichwa baadhi ya watu. Ukinunua OLED iliyotumika, weka rangi ya kijivu skrini nzima uangalie kama kuna kivuli cha upau huo.

Fikiria mahali utakapokaa. Mwangaza wa niti 250 unatosha ofisini. Kibarazani mchana, tafuta 400 au zaidi, na kioo kisichoakisi.

Kwa fundi, usiseme tu "nibadilishie kioo." Soketi ya pini 30 haipokei kebo ya pini 40, na TN ikiwekwa mahali pa IPS itawaka vizuri tu, wewe usijue. Andikianeni namba ya paneli kabla ya kazi, na kioo cha zamani ukichukue.

Muuzaji akikataa kukuwashia mashine uikague, usimbembeleze. Rudisha hela mfukoni uende duka la pili.